Kona ya Sikio la Chuma

"Hapa kwenye kona," aliuliza mkuu wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani, "ulipunguza vijumba mara ngapi?"

Binti waliyemwita Mahesabu akatazama picha yake ukutani. Ilikuwa ya sikio la chuma la kunyanyulia mizigo, alilolipigia hesabu kwa kompyuta kwa ajili ya karakana ya baba yake mdogo. Ndiyo kazi aliyokuja nayo kuombea nafasi ya utafiti. Nafasi moja, waombaji arobaini. Kompyuta hukigawa chuma katika vijumba na kupima mkazo wa kila kimoja. Penye kona kali, vijumba vikiwa vikubwa, mkazo hujificha kama nyoka majanini. Ndiyo maana hupunguzwa ukubwa, hesabu ikarudiwa mpaka jibu litulie.

Hakupunguza hata mara moja. Siku ile alikuwa na haraka, picha ikatoka buluu tupu, rangi ya mkazo mdogo, akamwambia baba mdogo, "Kinatosha."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika nane. Saa nne kamili karakana ingenyanyua tangi la mvuke, zito kuliko chochote sikio lile lilichowahi kubeba. Na baba mdogo, kwa ubishi wake, huuongoza mzigo kwa mkono.

"Samahanini," akasema, akatoka mbio.

Simu za waombaji zilikuwa kwenye kikapu cha mapokezi. Akapekua kwa pupa hata akaangusha mbili za watu. Akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Msumeno wa chuma ukilia, nani atasikia simu? Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokewa.

"Mahesabu! Wameshakuajiri?"

"Baba, tangi liko wapi?"

"Liko hewani, usawa wa goti. Mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa?"

"Lishushe! Toka hapo, baba!"

"We! Mteja amesimama hapa. Kompyuta yako si ilisema kinatosha?"

"Ilijibu nilichoiuliza. Nilikosea kuuliza."

Akasikia mnyororo ukilia, kra, kra, kra, asijue unapanda au unashuka. Kisha kishindo. Akakaa sakafuni.

"Baba? Baba!"

"Usinipasue ngoma za masikio. Nimelishusha. Mteja ananicheka sasa. Ole wako nisipokuta ufa!"

Baba mdogo hakujua kompyuta, lakini alijua mafuta ya taa na chaki. Hupaka mafuta kwenye chuma, hufuta kikauke, kisha hupaka unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka yakailowesha chaki.

Robo saa nzima Mahesabu alikaa sakafuni, simu sikioni, dada wa mapokezi akimkodolea macho. Hakujua aombe nini. Ufa ungemwaibisha, bila ufa angechekwa mwaka mzima. Mwishowe akaomba achekwe.

"Upo?"

"Nipo, baba."

"Pana mstari kwenye kona. Mwembamba kama unywele, urefu wa kidole." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka, haina tena utani. "Mkono wangu ulikuwa chini ya tangi, mwanangu."

Mahesabu akarudi chumbani. Hakungoja kukaribishwa.

"Hata mara moja," akasema. "Sikupunguza. Na sikio limepasuka."

Mkuu wa maabara akavua miwani.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Mwambie asilitupe. Tunalitaka hapa, na chaki yake hivyohivyo." Akamsogezea kiti. "Sasa kaa, tuanze na hiyo kona. Vijumba viwe vidogo kiasi gani?"

Mahesabu akakaa, akachukua kalamu, akaanza kueleza huku akiichora kona upya.