Ijumaa Saa Saba

Seva ilikuwa inanitia wazimu. Kila ikimaliza kupakua masasisho ya Linux ilijizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi, na ikiwaka, programu ya ujumbe ililala mpaka niiwashe kwa mkono. Na programu hiyo ndiyo tegemeo la delta nzima. Kule deltani, kijijini Mbuchi, simu hazishiki. Mkunga Salima akizidiwa na mgonjwa hutuma ujumbe kwa redio, seva yetu hapa Kibiti inaupokea na kumfikishia nahodha wa boti ya wagonjwa.

Ningeweza kuizuia kabisa isijizime. Lakini mimi Mfaume, fundi mjuzi! Nikaipangia ijizime Ijumaa saa saba mchana. Ofisi imefungwa, maduka yamefungwa, watu wote wako msikitini. Nani ataihitaji?

Ijumaa ya kwanza nikazima simu, nikaswali, kisha nikapitia pilau ya hitima. Nilirudi ofisini saa tisa. Seva imewaka, programu imelala. Nikaiwasha, na ujumbe wa Salima ukaingia wote kwa mkupuo.

Saa saba na robo: “Mwamini amejifungua, damu haikatiki. Leteni boti.”

Saa saba na nusu: “Boti iko wapi?”

Saa nane: “Mfaume, jamani, nijibu.”

Saa nane na dakika ishirini: “Boti basi tena. Leteni sanda.”

Watu wote wako msikitini, nilisema. Kumbe nilihesabu wanaume peke yao.