Mwanasesere Aliyepaliwa

Saa tatu kasoro asubuhi, msanifu alifungua chumba cha mikutano kilichokuwa juu ya duka la dawa. Alisukuma meza ukutani, akatandika mkeka wa plastiki, akachomeka tableti kwenye umeme. Kisha alimtoa mwanasesere kabatini, akamfuta uso kwa kitambaa chenye spiriti na kumlaza chali. Alikuwa mwanasesere wa mpira, mkubwa kama mtoto wa miezi tisa, mwenye nyaya kifuani. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wazazi wahamiaji namna ya kumwokoa mtoto kitu kinapomkwama kooni. Tableti inauliza, mzazi anajibu kwa sauti, kisha anamlaza mwanasesere kifudifudi juu ya mkono wake na kumpiga mgongoni, katikati ya mabega. Akipatia, taa ya kijani inawaka.

Picha na vitufe vyote vya kwenye tableti alivichora msanifu. Maneno hayakuwa yake. Yaliletwa na kampuni ya tafsiri, yakagongwa muhuri, yakarekodiwa kwa sauti nzuri ya mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Wazazi wa majaribio waliingia mmoja mmoja, wakaketi. Baba Pacha, dereva wa gari la mikate, alikuwa amekwisha kumbatiza mwanasesere jina la Mpira.

“Mtoto amekabwa,” ilisema tableti. “Utafanya nini?”

“Kakabwa na nani?” aliuliza Baba Pacha. “Niambieni kabisa. Nisije nikahangaika na mgongo wa mtoto, kumbe mkabaji mwenyewe kajificha nyuma ya mlango!”

Watu walicheka. Wakiwa bado wanacheka, alama za vidole zilijitokeza shingoni mwa Mpira, nne upande huu na moja upande ule. Vilikuwa vidole vyembamba, vya mwanamke mwenye sauti nzuri. Msanifu alizifuta kwa spiriti. Hazikutoka.

“Wamechanganya hawa,” alisema bibi mmoja mwenye miwani, aliyekuwa akilea wajukuu. “Mtoto hupaliwa. Maji yakipita njia siyo, umepaliwa. Kukabwa ni mtu na mikono yake.”

Mpira aliposikia hilo neno la kupaliwa alikohoa, akatema karanga, akaanza kupumua. Bibi aliiokota ile karanga kwa karatasi laini na kuitupa kwenye pipa, kwa sababu vitu vya namna hiyo haviachwi sakafuni palipo na mtoto. Taa iliwaka nyekundu. Mashine haikulijua neno la bibi.

Jioni hiyo msanifu alimweleza mkuu wa mradi. Alieleza kwa sauti yake ndogo, ile ambayo kwenye vikao humezwa na feni, kwa hiyo ilimbidi aeleze mara mbili. Mkuu alimsikiliza vizuri. Alisema kwamba katika lugha ya ofisini kupaliwa na kukabwa vyote vina neno moja, na watu wameelewana kwa neno hilo miaka na miaka. Maneno yakishagongwa muhuri hayafunguliwi tena. Kuhusu alama za shingoni alikubali kwamba zinaonekana vibaya, akaagiza skafu ndogo kwa kila mwanasesere.

Katika kundi lile, mtu mmoja hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, mama wa binti mmoja mchanga. Miezi iliyopita binti huyo alimeza kifungo. Mama yake alikimbilia simu, akasoma sentensi iliyokuwa kwenye karatasi ya huduma ya kwanza, kama alivyoelekezwa kliniki: mtoto amekabwa. Mkalimani wa simu aliitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Gari la wagonjwa lilipofika, kifungo kilikuwa kimeshatoka na mtoto ananyonya. Lakini nyuma ya gari hilo lilikuja gari jingine, na waliokuwemo waliuliza ni nani aliyemkaba. Tangu hapo binti anakaa kwa watu wengine. Mama yake humwona kila Alhamisi, kwa muda wa saa moja tu, katika chumba chenye ukuta wa kioo. Aliambiwa akifaulu mafunzo haya mbele ya afisa wa ustawi, faili lake litaangaliwa upya, na huenda mtoto akarudi nyumbani.

Siku ya mtihani afisa alifika mapema. Alikuwa mwanamke mpole, aliyevua koti na kumsalimu kila mtu kwa mkono. Fundi cherehani alipiga magoti kwenye mkeka.

“Mtoto ana tatizo gani?” iliuliza tableti.

“Amepaliwa,” alisema.

Alimgeuza Mpira, akamshika taya vizuri, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akampiga mgongoni. Mpira alikohoa kifungo cha bluu na kuanza kulia. Taa nyekundu.

“Usiogope, mama,” alisema afisa. “Rudia.”

“Amepaliwa.”

Kilitoka kifungo cheupe. Taa nyekundu. Baba Pacha, aliyesimama mlangoni, alinong'ona kwamba kwa mwendo huo shati zima litatoka. Bibi mwenye miwani alimfinya.

Msanifu alichuchumaa kando ya mkeka.

“Dada,” alisema, “liseme tu lile lao. Ni la mashine.”

“Mashine ndiyo iliyomchukua mwanangu?”

“Hapana.”

“Basi usiniambie ni la mashine.” Fundi alimfuta Mpira machozi kwa ncha ya skafu. “Nikilisema, utawaambia kwamba sikumkaba?”

“Nitawaambia.”

“Kwa sauti lakini, mdogo wangu. Si hiyo yako ya kuongea na sisimizi.”

“Kwa sauti.”

Fundi cherehani aliitazama tableti. “Amekabwa,” alisema.

Zile alama za zamani zilififia, zikaja mpya. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda, kama chake kilivyopinda tangu sindano ya cherehani ilipokipitia. Mpira alinyamaza kulia. Taa ya kijani iliwaka na tableti ikapiga makofi.

Afisa aliifungua skafu, akatazama. Alimwomba fundi aweke mkono wake pale. Aliomba kwa adabu, na fundi aliuweka kwa adabu. Mkono ulikaa barabara.

“Ni wake kwa sababu yeye ndiye aliyesema,” alisema msanifu. Sauti yake ilijaa chumba kizima, hata feni haikusikika. “Hakumkaba mtu. Atakayelisema neno hilo, vidole vitakuwa vyake. Hebu sema wewe.”

“Mimi sifanyiwi mtihani hapa,” alisema afisa, bila hasira.

“Nimesema hakumkaba!”

“Nimekusikia, dada. Nitaandika kwamba umesema.” Alimgeukia fundi cherehani. “Hongera, mama, umefaulu vizuri sana. Ila na hili la vidole sina budi kuliandika. Litazungumzwa kwenye kikao kingine.”

“Alhamisi je?”

“Alhamisi kama kawaida. Saa moja.”

Fundi aliitikia kwa kichwa. Afisa alivaa koti, akawaaga wote kwa mkono, akashuka ngazi.

Mpira alikuwa hapumui. Fundi alimwinamia na kumwambia sikioni neno lile jingine, taratibu, mara kadhaa. Mpira alikohoa, akavuta pumzi, akamshika kidole kilichopinda. Alama hazikuondoka. Mama alimweka begani na kuanza kutembea naye, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, mpaka alipolala. Baba Pacha alikunja mkeka. Bibi mwenye miwani aliwahimiza watu washuke bila kupiga kelele.

Mkuu wa mradi alipiga simu. Alikuwa amefurahi. Mzazi wa kwanza amefaulu, alisema, kwa hiyo chombo kimethibitika. Wanasesere wataanza kusambazwa kesho katika miji yote, na huyo wa chumba cha mikutano apakiwe leo hii.

Msanifu alisubiri mpaka fundi cherehani alipokuwa tayari. Walimlaza Mpira kwenye begi la safari wakiwa wawili, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Msanifu alifunga zipu polepole. Ilipofika usawa wa pua aliiachia hapo, akalibeba begi kwa mikono miwili hadi chini.