Hereni Nyeupe

Muthoki alilikunja sikio la maksai kwa kidole gumba akaanza tena upande wa ndani, pale ngozi ilipokuwa laini. Kupe walikuwa wamebanana kama punje za mtama kwenye suke. Aliwang'oa mmoja mmoja kwa kucha, akiwazungusha kidogo kwanza ili kichwa kisibaki ndani, kisha akawatumbukiza kwenye mkebe wa mafuta ya taa. Jua lilikuwa halijachomoza. Ilibidi amalize kabla gari la watu wa utafiti halijasikika.

Maksai huyo mwekundu walimwita Ndune. Mwenzake mweusi, Nziu, alikuwa amefungwa kwenye mgunga, anacheua. Ndune hakuwa amecheua tangu jana. Chini ya sikio lake palikuwa na uvimbe mgumu, na Muthoki alipougusa, maksai alivuta kichwa na kukoroma.

"Mwaitu," alimwita mama yake kwa sauti ya chini. "Tezi imekuwa kama yai."

Mama yake, Ndila, alisimama mlangoni akiwa na ufagio. "Walikataza kutoa kupe. Tuliweka kidole kwenye karatasi yao."

"Najua."

"Na wakigundua?"

Muthoki aling'oa kupe mwingine. Hakuwa mtu wa kujibu. Shule aliiacha darasa la tano baba yake alipofariki, na tangu siku hizo alizungumza na ng'ombe zaidi ya watu. Alichojua vizuri ni kulima. Mvua za Novemba zilikuwa wiki mbili mbele, pengine chini ya hapo, na katika udongo ule plau haikokotwi na ng'ombe mmoja. Mwaka uliotangulia, jirani yao Ndeti alijaribu kwa ng'ombe mmoja na punda. Alivuna magunia mawili, akahamia Mombasa kubeba mizigo.

Walikuwa wameshuka kutoka Kilungu miaka kumi na miwili iliyopita, milima ilipojaa watu na shamba la babu likagawanywa mpaka likakaribia ukubwa wa kaburi. Huku chini, mbele ya Mtito Andei, tingatinga lilifyeka kichaka na serikali ikagawa ploti hadi kwenye mpaka wa mbuga. Kisha ikachimba silanga, bwawa la udongo, katika njia ambayo nyati walipita tangu zamani. Hakuna aliyewaambia nyati kuhusu ploti. Waliendelea kuja. Wao walikunywa usiku, ng'ombe wakanywa mchana, na kwenye nyasi za ukingoni kupe walioanguka kutoka kwa nyati waliwangojea ng'ombe. Josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa mwendo wa saa mbili, na lilikuwa kavu. Dawa yake ilikuwa ikiogesha ng'ombe wa mwenyekiti wa kamati ya josho.

Ndiyo maana mwezi wa Machi, gari jeupe lilipokuja likiwa na sanduku la dawa, Ndila alimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima. Watu wa utafiti walimtoboa kila ng'ombe sikio na kumvalisha hereni ya plastiki. Nziu alipata ya njano. Ndune akapata nyeupe. Kila baada ya wiki mbili wote walidungwa sindano, na masharti yalikuwa matatu: msitoe kupe kwa mkono, msipake mafuta ya taa, msiache kulisha kwenye silanga.

Gari lilisikika. Muthoki aliufunika mkebe kwa kinyesi cha ng'ombe.

Aliyeshuka kwanza alikuwa Mutie, msaidizi wa daktari, kijana wa mji wa Wote mwenye buti za mpira na mdomo usiochoka. "Mwiitu, msichana wetu, habari ya asubuhi? Au leo pia ulimi umelala?" Alilishika sikio la Ndune, akatoa koleo lake dogo na kuanza kuhesabu. Aliacha kucheka. Akalichungulia sikio la pili.

"Saba," alisema. "Wiki mbili zilizopita hii ng'ombe ilikuwa na themanini na kitu. Wengine wameenda harusi?"

Muthoki alitazama miguu yake.

"Onyesha mikono."

Alimwonyesha. Kucha zilikuwa nyeusi kwa damu.

"Daktari!" Mutie aliita. "Kuja uone. Huyu msichana ametuharibia."

Daktari Mwangangi alikuwa mtu mtaratibu, mwenye miwani na soksi zilizopandishwa hadi magotini. Hakupiga kelele. Aliiangalia ile mikono kama aliyekuwa akisoma barua yenye habari mbaya. "Kwa nini umefanya hivi, msichana?"

 Maneno ambayo Muthoki alikuwa ameyapanga kwa wiki mbili yalimtoroka yote isipokuwa moja.

"Maji," alisema.

"Maji gani?"

"Chupa ya hereni nyeupe. Nilisoma."

Kiingereza chake kiliishia darasa la tano, lakini neno la maji ni la darasa la pili. Siku ya sindano iliyopita Mutie alikuwa ameziweka chupa mbili juu ya boneti wakati anatafuta sindano, na Muthoki, aliyekuwa amemshika Ndune pembe, alisoma herufi moja moja kisha akarudia. Hereni ya njano, dawa. Hereni nyeupe, maji.

Ndila aliuangusha ufagio. "Daktari, ni kweli?"

"Mama, iliandikwa kwenye fomu."

"Fomu ya Kizungu. Mlisema mmeleta dawa."

"Na tumeleta. Nziu si anapata?" Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Nisikilize. Kupe anakunywa damu ya nyati, nyati haumwi. Kupe huyo huyo akimng'ata ng'ombe, ng'ombe anakufa. Tunataka kujua wanakufa wangapi na dawa inazuia kiasi gani. Tukiwatibu wote tutajuaje?"

"Sisi tunajua," Muthoki alisema.

Hata yeye alishtuka kuisikia sauti yake.

"Mnajua nini?"

"Wanakufa. Kwa Ndeti walikufa watatu. Kwa Mulei watano. Silanga ilipochimbwa ndipo ilianza."

"Huko ni kujua kwa mdomo," Daktari alisema, bila ubaya. "Serikali haiwezi kuhamisha silanga kwa sababu ya mdomo. Inataka karatasi. Sisi ndio tunaitengeneza, na wewe umeichana."

Mutie alikuwa ameshaweka kiganja chini ya sikio la Ndune. "Daktari, tezi iko juu. Hata homa iko. Kupe ametolewa lakini kazi yake ameshamaliza."

Ndila alimsogelea daktari hadi karibu kumshika mkono. "Basi mpe dawa. Mpe leo. Mvua iko hapa."

"Mama, hereni nyeupe..."

"Nimeambiwa amewaharibia. Kama ameharibu, si mumtoe huyu ng'ombe kwa kazi yenu? Mtoeni. Akishatoka, mpeni dawa."

Daktari aliivaa tena miwani yake. Akachukua kitabu cha Mutie, akapiga mstari juu ya nambari ya Ndune kwa rula. "Hilo naweza. Ametolewa."

Muthoki aliinua uso. Mutie alikuwa tayari anafunga sanduku.

"Na dawa?" Ndila aliuliza.

"Dawa imetolewa kwa ajili ya ng'ombe walio kwenye utafiti, mama. Kila chupa inaulizwa. Huyu hayumo tena."

"Akiwa ndani anapata maji. Akiwa nje hapati kitu."

"Si mimi niliyepanga hivyo," Daktari alisema, na ilionekana anaamini. "Jaribuni duka la dawa Mtito Andei."

Mutie alifungua sanduku tena, akamdunga Nziu dawa ya hereni ya njano. Ndune alisimama kando, machozi yakimtiririka kama ng'ombe aliyekaa kwenye moshi, akamtazama mwenzake.

Muthoki alitembea hadi Mtito Andei siku hiyo hiyo. Mwenye duka alikuwa na dawa ile, lakini kwa chupa nzima, ya kutosha zizi la tajiri. Muthoki aliuliza kama angeweza kupimiwa ya ng'ombe mmoja. Aliuliza kwa sauti ndogo mno, ikabidi arudie mbele ya madereva wawili wa malori waliokuja kununua betri. "Dada, hii si mafuta ya kupikia," mwenye duka alisema, na madereva wakacheka. Alirudi na chumvi ya ng'ombe.

Jumamosi Ndune hakuamka. Alihema kwa shingo iliyonyooshwa, povu jeupe likitoka puani, na saa nne akaacha. Mzee wa kijiji alipeleka habari kwenye kambi ya watu wa utafiti, maana kila ng'ombe aliyekufa alitakiwa kuripotiwa.

Gari lilikuja haraka kuliko siku zote, likakata katikati ya shamba. Daktari alishuka akiwa tayari na glavu.

"Amekufa saa ngapi? Vizuri. Bado ana joto."

"Mlisema mmemtoa," Muthoki alisema.

"Kwa hesabu ya kupe, tumemtoa. Kwa kifo bado anafaa." Alipiga magoti kando ya Ndune, akapapasa shingo. "Mutie, kisu kidogo. Na barafu."

Walikata tezi, wakakata kipande cha bandama na cha mapafu, wakavitia kwenye vichupa na kuvipanga ndani ya sanduku la barafu. Mutie hakufanya mzaha hata mmoja. Nyama iliyobaki waliimwagia chokaa ili isiliwe, wakawaambia wachimbe shimo la kina cha mtu.

Walikuwa bado wanaosha visu mvua ilipoanza. Haikutanguliwa na manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja, harufu ya vumbi ikapanda, na kutoka ploti za juu zikasikika sauti za watu wakiwafokea ng'ombe wa plau na kucheka kwa furaha.

Gari liliwaka, likaenda hatua tano, likazama. Magurudumu ya nyuma yalizunguka mahali pamoja na kurusha tope.

Mutie alitoa kichwa dirishani. "Mama! Leteni ng'ombe wavute!"

Ndila alinyoosha mkono kuelekea Nziu, aliyesimama peke yake chini ya mgunga, maji yakimtiririka mgongoni.

Mutie alimtazama Nziu, kisha akatazama usukani.

"Basi sukumeni," Daktari alisema kutoka ndani. "Pole, mama. Ni hii barafu. Ikiyeyuka tutakuwa tumekosa kila kitu."

Ndila alijifunga kanga kiunoni upya. Muthoki alisimama kando yake, akaweka viganja kwenye mlango wa nyuma wa gari. Kwenye kioo, sentimita chache kutoka usoni mwake, aliliona sanduku la barafu, limefungwa kwa kamba mbili lisipinduke. Miguu yao ilizama hadi kwenye vifundo. Mutie alikanyaga mafuta.

"Pamoja!" alipaza sauti. "Moja, mbili!"

Wakasukuma. Magurudumu yakalichimbua shamba kwa mistari miwili mirefu, mizuri, yenye kina cha kutosha mbegu, hadi barabarani.