Alama Tatu za Msumari

Kondo aligusisha ncha za nyaya mbili ulimini, akangoja. Hazikumwasha. Akatema mate.

"Batri imekufa, bosi."

"Wewe na ulimi wako," Erasmus, mkuu wake, alicheka. "Wafadhili wanafika saa nne. Nataka king'ora kilie."

Kibanda cha kupimia kina cha maji kilikuwa ukingoni mwa mto Msimbazi, bomba lake limezama majini. Mto ukijaa, boya lilipanda ndani ya bomba, likaunganisha nyaya, king'ora kikawaamsha watu wa bondeni. Masika iliyopita mto ulijaa, king'ora kikanyamaza kama kilichohongwa. Kondo hakuwepo; Erasmus alikuwa kamtuma Gongo la Mboto kulinda matofali ya nyumba yake. Mkewe, Rukaiya, alikuwa kitandani bondeni, na homa. Maiti yake waliiokota kwenye matete siku ya tatu. Ripoti ikasema mlinzi wa kibanda kazembea. Kondo, aliyeishia darasa la pili, alisomewa, akatia dole gumba.

Sasa aliigeuza batri ile. Siku ya kufunga batri ya king'ora aliichora mistari mitatu kwa msumari, alama ya Rukaiya kwenye masufuria yake, yasipotee akiyaazimisha kwenye shughuli za watu. Hii haikuwa na mstari hata mmoja.

"Niazime ya pikapu yako, bosi. Wageni wakiondoka nairudisha."

"Fanya upesi."

Kondo akafunua boneti, akafuta vumbi kwa kidole. Mistari mitatu.

Spana ikagonga chuma mara mbili.

"Hii ulinunua wapi?"

"Kariakoo. Siku hizi ruksa, kila kitu kipo."

"Kila kitu," Kondo alisema.

Alipomaliza kuifunga kibandani, akalivuta boya juu. King'ora kikalia. Bondeni milango ikafunguka. Watu wakatoka na magodoro vichwani, wakishikana mikono, wakipanda.

"Inatosha. Achia."

"Nataka nione kama wangetoka, bosi."

"Kondo, kazi huna."

"Mke pia sina."

Erasmus alikimbilia garini, akazungusha ufunguo. Pikapu haikukohoa hata kidogo; batri yake ilikuwa kibandani.

Wa kwanza kufika juu alikuwa Hamisa, jirani aliyezoea kuazima masufuria ya Rukaiya, na ndiye aliyemwosha.

"Maji yako wapi, shemeji?"

Kondo, mkono bado umeshika waya wa boya, akaonyesha batri kwa kidevu.

"Imetoka kwenye gari la bosi. Itazame ubavuni."

Hamisa akatua godoro, akapiga magoti. Kidole chake kikapita mstari wa kwanza, wa pili, kikasimama kwenye wa tatu. Nyuma yake watu walizidi kupanda, na ufunguo ulikuwa ukizungushwa tena.