Waya wa Darasa la Sita

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na sipendi kudanganywa. Hilo wanafunzi wangu wanalijua kama wanavyojua majina yao.

Muhula ule tulijenga zeze la darasa zima: waya mmoja wa chuma kutoka ukuta wa nyuma hadi ukuta wa mbele, ukikazwa huko mbele kwa nati kubwa. Watoto walijifunza kwamba waya ukikazwa sauti inapanda, ukilegea inashuka. Tuliipima kwa filimbi ya bomba tuliyoikata wenyewe. Ijumaa wazazi wangekuja kusikiliza, na mimi kichwa kilikuwa kimeshanivimba.

Lakini kila asubuhi sauti ilikuwa imeshuka. Kila mara nilichukua spana, nikakaza. Siku ya tano nikasema hapa kuna mkono wa mtu, na macho yote yakamwendea msichana tuliyemwita Kidole, maana hakuna kitu asichokigusa.

"Sijagusa, mwalimu," alisema. "Jana ulipomaliza kukaza nilichora mstari wa chaki, kutoka kwenye nati mpaka ukutani. Angalia mwenyewe."

"Usinifundishe kazi."

Nikamfungia stoo, nyuma ya ukuta wa mbele, akae na madawati mabovu mpaka aseme ukweli. Komeo nililisukuma kwa mkono wangu.

Niliporudi kwenye waya ndipo nikaiona ile chaki. Mstari ulikuwa umenyooka, haukukatika popote. Nati haikuzunguka hata kidogo, na waya ulikuwa umelegea.

Nilisimama na spana yangu kama mjinga. Kama nati haikusogea, kilichosogea ni ukuta. Nikabandua chati ya nota iliyokuwa ukutani kando ya nati. Nyuma yake kulikuwa na ufa wa kuingia kidole, na siku tano zote mimi ndiye niliyekuwa nikiuvuta ukuta.

"Tokeni nje. Acheni mabegi."

Mtoto mmoja alicheka, akaniangalia usoni, akaliacha begi lake.

Uwanjani nikawahesabu. Thelathini na mmoja, na darasa langu lina thelathini na wawili. Nikamkumbuka Kidole kule stoo.

Nilirudi mbio. Fremu ya mlango wa stoo ilikuwa imepinda; komeo halikwenda mbele wala nyuma. Ndani ya darasa tupu waya ulilia wenyewe, sauti nzito, ikishuka.

"Mwalimu," Kidole alisema upande wa pili, taratibu, "huku mimi sijagusa kitu, ila ukuta unasogea."