Aliyefia Ndani Hahesabiwi

Kitandani walikuwa wawili, wamelala mzungu wa nne, na kila Mwantumu alipogeuka alikutana na nyayo za Esta. Nyayo zilikuwa zimevimba na kupasuka visiginoni. Esta naye, bila shaka, alikuwa akiziona za Mwantumu. Siku ya kwanza waliombana radhi kila waliposukumana. Siku ya tisa walisukumana tu.

Banda la wajawazito la kituo cha afya lilikuwa na vitanda sita na wanawake kumi na mmoja. Kila aliyekuja kusubiri siku zake alitakiwa aje na wembe mpya, uzi, khanga mbili, kipande cha sabuni na kuni zake za kupikia. Mwaka ule sabuni ilikuwa imeadimika katika maduka yote ya ushirika, toka Soni hadi Mlalo, lakini sharti lilikuwa palepale. Mwantumu alikuja na nusu kipande alichokatiwa na jirani, amekifunga kwenye jani la mgomba. Karani alikinusa kwanza ndipo akakipokea.

Huyo karani ndiye aliyemuuliza, kalamu mkononi, bila kuinua uso, "Una watoto wangapi?"

"Mmoja," alijibu Mwantumu.

Wala hakusema uongo. Alikuwa naye Mariamu, wa miaka sita, aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kiazi. Baada ya Mariamu alizaa wavulana wawili, nyumbani, kila mmoja kwa siku mbili za uchungu, na kila mmoja akatoka kimya, kichwa kimebonyea. Lakini kwa mkwewe mtoto huhesabiwa akishatolewa nje, kitovu kikishaanguka, akaonyeshwa jua na kuitwa jina mbele ya watu. Aliyefia ndani hahesabiwi. Ukimhesabu, mkwewe alimwambia, unamwita aje kumchukua mwenzake. Kwa hiyo Mwantumu hakuwahi kuwataja wale wawili, hata kwa mumewe Ramadhani, ambaye ndiye aliyewazika nyuma ya migomba.

Karani aliandika kwenye kadi: uzazi wa pili. Nyuma ya Mwantumu kulikuwa na foleni, akamwita anayefuata.

Jumanne asubuhi Landrova ya kituo iliwachukua wanawake watatu kuwapeleka Lushoto, wakakae karibu na daktari mwenye chumba cha upasuaji. Esta alikuwa mmoja wao. Mwantumu alibaki na kitanda kizima, akanyoosha miguu, akaona raha, kisha akajionea haya kwa raha hiyo. Nesi Yudith alipopita kuwapima matumbo, Mwantumu alimuuliza kwa nini Esta amepelekwa na mbona hakuwa mgonjwa.

"Alishapoteza mtoto kwenye uchungu," alisema Yudith. "Wa namna hiyo hatumwachi azalie hapa. Akikwama, hapa sina la kumfanyia."

Tangu hapo Mwantumu hakulala vizuri. Aliogopa. Huyu wa sasa alimtaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kwa ajili yake alitembea saa nne kushuka na kupanda, amebeba kuni kichwani na mimba mbele, huku mkwewe akisema hospitali ni ya wasio na mama zao. Angewataja wale wawili, angekuwa amewaita. Asipowataja, gari lingeondoka tena Jumanne ijayo bila yeye. Aliyapima hayo siku nzima ya Jumatano, akiwa jikoni, na uji wake ukaungua.

Alhamisi, jua likiwa limechomoza tu, uchungu ulimshika. Alimshika Yudith mkono kabla hajavuka kitanda chake.

"Nesi, kuna wengine wawili."

"Wengine wawili wapi?"

"Sikuwahesabu. Walifia ndani. Walikwama wote wawili."

Yudith alikuwa Mshambaa mwenzake, Mlutheri, lakini bibi yake mwenyewe alisema maneno hayohayo na hakuhitaji kufafanuliwa. Hakumgombeza. Aliinama na kile chombo chake cha mbao, akasikiliza tumboni muda mrefu, akapapasa chini kwa vidole. Kichwa kilikuwa bado juu sana. Moyo wa mtoto, alisema, unapiga vizuri kabisa, na mpaka Lushoto ni mwendo wa saa mbili tu. Alimwambia afunge mzigo wake. Halafu akatoka mbio, na Mwantumu, ambaye hakuwahi kumwona nesi akikimbia, alifarijika na pia akazidi kuogopa.

Dirisha la banda lilitazama uwanjani. Landrova ilikuwa pale, injini inanguruma. Dereva, Tobia, alikuwa akifunga kamba juu ya viti: viti vya ofisi, mabenchi ya kliniki, na chini yake kreti za soda. Siku hiyo mgeni kutoka mkoani alikuwa anakuja kufungua ghala la kijiji cha ujamaa, ng'ambo ya bonde. Bwana Nikodemo, mganga msaidizi na mkubwa wa kituo, alikuwa katika kamati ya mapokezi. Alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, suti imepigwa pasi.

Yudith alimpa kadi kupitia dirisha la gari, akamweleza. Nikodemo aliisoma kadi mbele na nyuma.

"Wa pili huyu," alisema. "Kadi inasema wa pili."

"Ni wa nne. Wawili walikufa kwenye uchungu. Ameniambia sasa hivi."

"Mimi nafanya kazi kwa kadi, ndugu Yudith. Mgeni anafika saa sita. Nimwache asimame juani kwa sababu ya mtu aliyekumbuka leo asubuhi kwamba alizaa? Nitaeleza nini?"

"Tushushe viti, gari liende na kurudi."

"Litarudi jioni, mapokezi yakiisha. Mpe maji ya moto, atembeetembee."

Tobia alikuwa amesimama na kamba mkononi, akimtazama huyu na huyu. Kisha akakaza fundo, akapanda kwenye usukani. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji yupi.

Ramadhani, aliyekuwa amefika na chakula, alikimbia kutafuta watu wa kubeba machela. Hakupata. Wanaume wote wenye nguvu walikuwa kwenye mapokezi. Mabalozi wa nyumba kumi walikuwa na orodha mikononi, na ambaye hakuonekana alijua atakuwa na la kujibu. Alirudi na mzee mmoja na mlemavu wa mguu. Machela hubebwa na wanane, kwa kupokezana.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Yudith hakuondoka kando ya kitanda, na wenzake Mwantumu waliwapikia na kuwachotea maji. Upepo ulipogeuka zilisikika ngoma kutoka ng'ambo ya bonde, kisha makofi, kisha sauti ya mtu mmoja akisema kwa kipaza sauti maneno ambayo hakuna aliyeyashika. Mara tatu Yudith alisikiliza kwa kile chombo, na mara zote tatu alisema moyo unapiga. Mara ya nne alisikiliza, akakiweka chombo mezani, hakukichukua tena.

Mtoto alitoka alasiri. Mvulana, mkubwa, nywele tele. Yudith alimpulizia kinywani mpaka yeye mwenyewe akaishiwa pumzi, akapumzika kidogo, akaanza tena. Mwantumu alimtazama na alijua. Alichowaza ni kwamba mkwewe alisema kweli: amewaita, nao wamekuja. Wazo hilo lilimuuma kuliko tumbo, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Ramadhani alitaka kuzika siku ileile kabla ya magharibi, kama inavyopasa. Haikuwezekana. Maiti haitoki kituoni bila karatasi ya mganga, na mganga alikuwa kwenye chakula cha mgeni. Jioni gari halikurudi. Ramadhani alikaa kibarazani na mtoto amefunikwa khanga, hakula, hakusogea.

Nikodemo alirejea asubuhi ya pili, saa tatu, viti vikiwa bado juu ya gari. Hakuwa mtu wa matusi. Alimwambia Mwantumu pole, akamkaribisha kwenye benchi moja lililobaki, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, halafu akasukuma mbele yake karatasi na kidau cha wino wa kidole.

Mwantumu hakutia kidole. Alikuwa amekwenda kisomo cha watu wazima misimu miwili, jioni, na kusoma alikujua, ingawa polepole. Alisoma. Uzazi: wa nne. Watoto walio hai: mmoja. Sababu ya kifo: mama alificha habari za uzazi uliopita.

"Hapa gari halijaandikwa," alisema.

"Gari si ugonjwa, mama."

"Nilimwambia nesi. Gari lilikuwa hapo, halijaondoka."

Nikodemo aligeuka kumtazama Yudith. Yudith alikuwa akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Alikuwa na nyumba ya kituo, na ndani yake mama yake na wadogo zake wawili. Aliendelea kukunja. Mwantumu alimsubiri, na kusubiri kule kulimuumiza vibaya, kwa sababu mpaka dakika ile alikuwa bado ana tumaini.

"Mficha uchi hazai," alisema Nikodemo kwa upole, kama mtu anayefariji. "Ungesema siku ya kwanza. Weka kidole, mkamzike mtoto. Jua linapanda, na kitanda kinahitajika."

Mwantumu alimwomba kalamu. Nikodemo alishangaa kidogo, akampa. Aliandika jina lake herufi moja moja kama alivyofundishwa, akakosea ya pili, akairudia. Hakuwahi kuliandika jina hilo popote isipokuwa kwenye daftari la kisomo.

Nje, Tobia alikuwa akishusha viti. Aliwaambia poleni, akaendelea kushusha. Ramadhani aliipokea karatasi, akaigeuza huku na huku. Yeye kisomo hakwenda.

"Wameandika nini?"

"Wameandika kwamba ni mimi."

"Na wewe umetia sahihi?"

"Wangekunyima mtoto."

Ramadhani aliitia karatasi mfukoni, akamfunika mtoto vizuri, akatangulia kupanda mlima. Mwantumu alimfuata nyuma, na kila kona alisimama, maana damu ilikuwa bado inamtoka.