Jiko la Kibombo, Nyumba Namba 112

Mwaka 1955 Isidore Kitenge, karani wa reli mjini Kindu, alipewa nyumba kwenye kambi ya wafanyakazi: matofali, bati, sakafu ya simenti na taa moja ya umeme. Baba yake alipofariki, alimleta mama yake, Zawadi, kutoka Kibombo. Siku ya kwanza alimwashia taa na kuizima mara tatu. Mama alitazama, kisha akauliza wanapikia wapi.

Isidore alimwonyesha reshu ya petroli, jiko dogo la mafuta ya taa, juu ya meza.

"Na watu wanakaa wapi?"

"Saloni, mama, chumba cha mbele. Chakula kikiiva wanaitwa."

"Wanaitwa," alisema Zawadi. "Sawa na wageni."

Wiki nzima alikula kidogo sana. Jumanne asubuhi jiko lake la Kibombo lilikuwa limefika uani, na kuta zake za udongo, paa lake la majani, masizi yote, na chungu cha sombe, majani ya muhogo, kikichemka juu ya mafiga. Isidore alilitambua kwa boriti ambayo marehemu baba yake aliikata fupi. Zawadi alikuwa ameshaketi ndani. Alhamisi ilifika barua kutoka Kibombo, ya Élisabeth, dada yake Isidore: jiko halipo tena, walitafute ao waache?

"Mama, iko sheria," alisema Isidore. "Kambini hawajengi udongo. Watatuona watu wa porini."

"Sikujenga. Limekuja lenyewe."

"Basi lirudishe."

"Ulizaliwa mule ndani, mutoto wangu. Leo linakutia haya?"

Lilimtia haya.

Bwana Henri, Mbelgiji aliyesimamia kambi, alituma wanaume wanne. Walikula sombe, wakashukuru, wakalibomoa. Kesho yake lilikuwa pale pale. Walilibomoa tena, likarudi tena. Ndipo Bwana Henri akaamuru Isidore alivunje mwenyewe. Alipiga sururu mpaka viganja vikachubuka, mama yake ameketi mlangoni pa nyumba, akimtazama. Asubuhi jiko lilikuwa limesimama. Isidore aliingia, akaketi karibu na moto, akala. Chakula kilikuwa kitamu, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Jumatatu Bwana Henri alikuja na futi na rangi nyeupe. Alipima kuta, akaandika 112B juu ya mlango, akaliingiza jiko kwenye daftari la kambi. Kisha akaomba karatasi ya ruhusa ya Zawadi kukaa kambini. Haikuwepo.

"Bwana, huyu ni mama yangu aliyenizaa."

"Kitenge, jiko limetushinda kuliondoa. Mama yako anaondoleka. Siku saba."

Barua ya kumfukuza aliipiga chapa Isidore mwenyewe, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Zawadi aliondoka kwa treni ya Jumamosi. Isidore alitumaini jiko lingemfuata. Jumapili lilikuwepo. Jumatatu lilikuwepo, moto umezimika. Élisabeth aliandika kwamba mama anapikia nje, na mvua imeanza.

Isidore aliandika ofisini kuomba jiko liruhusiwe kurudi kwao. Jibu lilichukua wiki tano: kila chenye namba ni mali ya kambi na hakitoki Kindu. Chini waliongeza kwamba mwenye nyumba namba 112 anapaswa kulipaka jiko chokaa mara mbili kwa mwaka.

Isidore alisoma mara mbili, akakunja karatasi, akaenda kutafuta ndoo.